Rehema, kabla hamjapanda Afriski

Kinondoni, Dar es Salaam
12 Mei

Shoga yangu Rehema,

Salamu nyingi. Huku sote wazima, masika ndiyo yanamalizia na njia ya kwetu bado tope tupu. Barua yako nimeipata. Kumbe wewe na wenzio watatu mmeamua kweli: Lesotho, kwenye mapumziko ya theluji ya Afriski, siku ya kufungua msimu, tena kwa ubao wa theluji na si skii. Haya, sikiliza, maana siku ya ufunguzi ina mambo yake ambayo picha za mtandaoni haziyaonyeshi.

Kwanza msitegemee mlima mzima mweupe. Msimu wa kule ni Juni hadi Agosti, kipupwe chetu hikihiki, lakini theluji ya mbinguni mwanzoni ni ya kubahatisha. Mtakayoikanyaga ni ya mashine: usiku maji hurushwa juu pamoja na hewa yenye mgandamizo, matone yakaganda kabla ya kugusa chini. Hiyo inataka baridi ya kama nyuzi 2 chini ya sifuri, na hewa ikiwa kavu ndiyo mashine hufanya kazi vizuri. Majira ya baridi ya Lesotho ni makavu, kwa hiyo wamebahatika. Matokeo yake mtaona ukanda mmoja mweupe unashuka katikati ya majani ya kahawia. Pembeni pake theluji ni nyembamba na chini yake kuna mawe. Kaeni katikati. Jiwe likikwaruza ubao wa kukodi, mtalipa nyie.

Theluji ya namna hiyo ni ngumu kuliko inavyoonekana. Asubuhi ni karibu barafu, kwa sababu iliyolegea mchana imeganda upya usiku. Inalainika kuanzia kama saa nne, na jua likishaegemea kilima inakaza tena. Kwa hiyo wanaojifunza wasishindane na wenyeji kuwahi lifti ya kwanza. Jioni ya kuamkia ufunguzi nendeni mkachukue vifaa, maana asubuhi foleni ya kukodi ni ndefu, na mtu mwenye haraka hupewa buti lolote. Kisha chukueni somo la saa nne asubuhi. Pesa ya mwalimu msiibanie. Afadhali mbanie jaketi.

Na jaketi lenyewe mtalipata mitumba, pale soko la Karume. Usiangalie rangi. Ligeuze ndani nje utazame kama mishono imebandikwa utepe. Bila utepe maji yatapita kwenye matundu ya sindano hata kitambaa kiwe kizuri vipi. Suruali ndiyo muhimu zaidi, kwa kuwa anayejifunza ubao hushinda amekaa chini. Jinzi hapana, fulana ya pamba hapana: pamba ikilowa jasho haikauki, na upepo ukipita unatetemeka. Ndani vaeni sufu au polyester ya kubana, katikati sweta jepesi la manyoya bandia, juu jaketi. Soksi jozi moja tu, ndefu. Mbili hujikunja ndani ya buti na kubana damu, halafu vidole vinapoa zaidi. Glavu chukueni jozi mbili kila mtu, kufika mchana za kwanza huwa zimelowa.

Nywele nazo. Rasta za kufunga fundo kubwa kisogoni haziingii kwenye helmeti. Suka twende kilioni au mistari yoyote inayolala, utanishukuru. Anayejitanda achague mtandio wa kuvuta usio na ncha, maana ncha inayoning'inia hunaswa kwenye lifti.

Sasa buti. Ukisimama wima, vidole viguse mbele kidogo tu. Ukikunja magoti, virudi nyuma visiguse. Kisigino kikinyanyuka ndani ya buti, rudisha, hata kama foleni inanung'unika nyuma yako. Kisigino kinachocheza maana yake ubao hautii. Urefu wa ubao wenyewe, wa mwanafunzi uwe kati ya kidevu na pua, lakini uzito wako ndio unaoamua kuliko kimo: mzito achukue mrefu kidogo, mwepesi mfupi. Mwenye mguu wa 44 na kuendelea aombe ubao mpana, la sivyo vidole vitakwaruza theluji kwenye kila kona na kumwangusha.

Watakuuliza mguu gani unatangulia. Jaribuni nyumbani: vaa soksi, kimbia hatua mbili kwenye vigae uteleze. Mguu uliotangulia wenyewe ndio wa mbele. Mwambieni fundi aweke pembe ya kishikio cha mguu wa mbele nyuzi 15 kwenda mbele, cha nyuma nyuzi 6 hadi 9 kwenda nyuma, na upana wa kusimama uwe wa mabega. Kabla ya kufunga mikanda, kwangua theluji iliyogandia soli kwa makali ya ubao. Usipokwangua, mguu utakaa juu ya kigandamano cha barafu na mkanda utalegea katikati ya mteremko. Na ukiuvua ubao, uweke kifudifudi, vishikio vya miguu vikiwa chini. Ukiuacha chali unateremka peke yake, na kule chini kuna watoto.

Asubuhi yote ya kwanza iwe ya breki, Rehema. Fungeni mguu wa mbele tu, msukume kwa ule mwingine kwenye tambarare mpaka muweze kuteleza bila kuangalia miguu. Halafu fungeni yote miwili, simameni mkiukabili mteremko, ubao umekatisha, uzito kwenye visigino. Inua vidole, unasimama. Vishushe kidogo, unashuka polepole. Ukishaweza hapo, hamisha uzito kidogo kulia, rudi kushoto, kama jani linavyodondoka. Kisha geukeni mtazame juu mfanye vilevile kwa ukingo wa vidole. Huko wengi huogopa, lakini huko ndiko kona inakojengwa. Simama kama konda wa daladala mlangoni: magoti yamelegea, macho mbele, uzito katikati ya miguu yote miwili.

Kitakachowaangusha zaidi ni kile ukingo wa upande wa chini kushika theluji. Ubao ukiwa umekatisha mteremko halafu ukaulaza bapa, ukingo ule wa chini unachimba ghafla, na unatupwa kwa nguvu ya mwendo wote uliokuwa nao. Dawa ni moja: ukikatisha, ukingo wa upande wa juu uwe umeshika daima. Unaulaza bapa pale tu pua ya ubao inapotazama chini, katikati ya kona, kwa muda mfupi, kisha unahamia ukingo wa pili. Kona ikikataa, kagua mwili wako kabla ya kulaumu ubao. Mara nyingi umeegemea nyuma kwa woga, mguu wa mbele umekuwa mwepesi na pua haigeuki. Egemea mbele, inatii.

Kuanguka mtaanguka. Wanaojifunza huumia zaidi kifundo cha mkono, kwa sababu hutanua kiganja kujizuia. Kunja ngumi, pokea kwa mikono yote hadi viwiko ukiwa mbele. Ukienda nyuma, kidevu kifuani, kaa, kisha jiviringishe, mikono usiipeleke nyuma. Kingavifundo vinauzwa, vaeni.

Lifti za kule hukuvuta ukiwa juu ya theluji, hukalii kiti. Usijaribu kukikalia kile kipande kinachokuja nyuma yako. Kiache kikusukume, mguu wa mbele tu umefungwa, ubao umenyooka. Ukianguka, achia, sogea pembeni haraka, wa nyuma yako anakuja.

Sasa mwinuko, hili wa Dar tunalidharau. Kilele cha mteremko kiko mita 3,222, na mapumziko yenyewe yako zaidi ya mita 3,000, yaani mtalala juu ya kambi ya Mandara na chini ya ile ya Horombo kwa kipimo cha Kilimanjaro. Mkitoka usawa wa bahari, kichwa kitauma usiku wa kwanza na usingizi utakuja kwa vipande. Maji mengi, pombe muiache hadi usiku wa pili. Lakini mtu akipata homa, msiseme ni mwinuko; mtakuwa mmetoka kwenye mbu, apimwe malaria. Jua nalo ni kali, theluji huakisi hadi asilimia 80 ya miale. Ngozi nyeusi haikingi macho, kwa hiyo miwani na losheni lazima.

Njiani: kutoka Johannesburg ni mwendo wa kama saa nne na nusu kwa gari, mpaka wa Caledonspoort, kisha mji wa Butha-Buthe na kupanda njia ya mlimani ya Moteng. Mwambieni wa gari la kukodi awape barua ya kuvuka mpaka. Msipande Moteng gizani. Kona zisizopata jua hubaki na barafu. Mkiegesha usiku, wekeni gia badala ya handbreki, maana ikiganda asubuhi haitaachia. Randi inapokelewa Lesotho sawa na loti, pesa ya kwao, ila loti zitumieni kulekule, Afrika Kusini hazichukuliwi kirahisi.

Mkishuka treni ya SGR hapa Dar siku ya kupita, njooni tulale kwetu, Karume tutakwenda alfajiri. Kabla ya hapo nitumie vipimo vya miguu yenu kwa sentimita, kisigino kikigusa ukuta. 27 ni kama saizi 42. Kwa vipimo hivyo nitawaombea buti mapema.

Msalimie mama na wadogo zako.

Wako,
Mwajuma