Mafundi, msichome vipande vya paini

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na mafundi seremala wenzangu wa Iringa, Mafinga na Njombe.

Karakana zetu zinaishi kwa paini ya shamba la miti la Sao Hill. Jioni vipande vinavyobaki huenda jikoni au huchomwa uani. Nami nilikuwa nachoma, mpaka Desemba iliyopita mpwa wangu aliporudi kutoka chuoni na mchezo. Kila mchezaji anabeba mhusika wake, mmoja anakuwa msimulizi, na penye mashaka dadu ndiyo inayoamua. Mchezo wa namna hiyo uliotangulia kuchapishwa na kuuzwa, Dungeons & Dragons, ulitoka Marekani mwaka 1974. Mapango ya mchezo huo mpwa wangu alikuwa akiyachora kwenye daftari la hesabu. Akaniuliza, "Mjomba, huwezi kunikatia haya kwa mbao?"

Nimekata. Kila kipande cha sakafu ya pango, nakiita kigae, ni inchi 5 kwa 5, maana ubao wa inchi 6 ukishapigwa randa haubaki 6. Juu yake nimechora miraba ya inchi moja moja, kwa kuwa wachezaji wengi hupima hivyo: inchi 1 mezani ni futi 5 ndani ya hadithi. Inchi ni lugha yetu, hapo sikupata taabu. Taabu ilikuja kwenye msumeno. Mara ya kwanza nilipiga mistari yote bila kuacha nafasi ya meno, kila kigae kikapungua milimita 3 hivi upande mmoja. Tena mbao ilikuwa mbichi. Kufika Julai vigae vimepinda, ukivipanga vinachezacheza. Nikarudia vyote kwa mbao kavu. Kigae lazima kilingane na kila kingine pande zote nne, ndipo chumba cha leo kinaweza kuwa korongo kesho.

Na korongo letu ni Isimila, kilometa kama 20 kutoka mjini, njia ya Mbeya. Zile nguzo za udongo zilizochongwa na mvua nimezitoa kwenye mabaki ya mbao za inchi mbili kwa nne, nikazichonga kwa patasi, nikazipaka udongo mwekundu uliochanganywa na gundi ya mbao. Sikuzigandisha kwenye kigae, zinasimama popote. Wachezaji ni vipande vya mpini wa ufagio.

Jumapili moja binti yangu wa darasa la sita alibishana na mpwa wangu: chui anamwona mhusika wa binti nyuma ya nguzo, au hamwoni? Akachukua uzi, akaushika kichwani mwa chui, akauvuta mpaka kwa mtu wake. Uzi ukagusa nguzo. "Hanioni," akasema. Msimulizi akakubali, chui akapita. Kisha msimulizi akatoa kigae kimoja, kimoja tu, akakiunga pale walipofika. Vingine alikuwa amevificha chini ya meza wasijue njia inapinda wapi. Wote walinyamaza wakiutazama mkono wake.

Wenzangu, kabla ya kuwasha moto, chagueni vipande vikavu vyenye upana mmoja, vipigeni msasa kwenye kingo, wapeni watoto wa mtaani kwenu. Ishirini vinatosha kuanzia. Mwalimu au fundi anayetaka kiolezo cha kukatia aje nacho kipande cha ubao. Karakana iko wazi kila siku isipokuwa Jumapili.

Fundi seremala,
Ipogolo, Iringa