Barua ya Kufunga Shule: Anayebisha Hodi Hakuja Kudai Ada

Kwa wazazi na walezi wote,

Bwana Yesu asifiwe. Na kwa ndugu zetu Waislamu ambao watoto wao tunao hapa, Assalaam alaikum.

Bahasha aliyokuja nayo mtoto leo ina karatasi tatu: ripoti ya maendeleo, orodha ya mahitaji ya Januari, na barua hii. Ripoti mtaisoma wenyewe. Niliwaomba walimu wa madarasa wasimwandikie kila mtoto "ongeza bidii", na wengi wamenisikia. Tarehe ya kufungua, ada na sare vimo kwenye orodha. Viatu ni vyeusi, si raba. Hilo tumelisema mpaka koo limekauka. Nafasi iliyobaki naiomba kwa jambo moja tu: watu wa kujitolea kutoka usharikani, yaani kanisa letu la Kilutheri hapa, wale waliokuwa wakipita majumbani kwenu muhula huu.

Nianze na kosa, nalo ni langu.

Mchungaji na wazee wa kanisa waliponiambia wamepata watu wa kutembelea familia za wanafunzi, nilifurahi hadi nikaharakisha. Sikukaa nao chini kwanza. Nilimwambia mhasibu achape orodha ya wazazi, naye akachapa aliyokuwa nayo, yaani ya ada, kila jina na deni lake pembeni. Kina mama wa umoja wa wanawake wakaondoka nayo mkononi, vitenge vimepigwa pasi, wanaimba njiani. Nyumba ya tatu, mwenye nyumba alipoiona ile karatasi yenye nembo ya shule akatokea mlango wa nyuma, akakata kupitia migombani. Mtoto wake akabaki kuwapokea wageni: "Mama amesema hayupo."

Baadaye tulicheka. Siku ile hakuna aliyecheka. Kina mama walirudi wamefedheheka kwa kosa lisilo lao, na jioni hiyo nilikwenda mwenyewe kwa mzazi yule kuomba radhi. Alinipa chai. Ada hatukuitaja. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata isingekuwepo, deni la mtu si la kutembezwa kihamba kwa kihamba, yaani shamba la nyumbani kwa shamba la nyumbani. Orodha zile nilizikusanya zote na kuzichoma.

Wapo walionishauri tuiache kazi hii hapo hapo. Nimekataa, kwa sababu ya yaliyopatikana walipokwenda tena mikono mitupu, bila kalamu wala daftari.

Yupo bibi anayelea wajukuu, wazazi wao wako Dar es Salaam. Barua zetu zote za shule alikuwa anazo, amezikunja vizuri ndani ya kopo, na hajasoma hata moja. Zilikuwa kwa Kiingereza. Shule yetu ni ya mchepuo wa Kiingereza, basi na sisi tukaona barua za wazazi nazo ziwe hivyo, zipendeze. Bibi alikuwa anamsubiri mwanawe apande huku Kilimanjaro wakati wa Krismasi amsomee. Fikiria taarifa ya mkutano wa wazazi wa Machi inayosubiri kusomwa Desemba! Ndiyo maana leo nawaandikia kwa Kiswahili, na itakuwa hivyo daima nikiwa kwenye kiti hiki.

Yupo pia mvulana tuliyemwadhibu muhula mzima kwa kuchelewa. Aliyepita nyumbani kwao alfajiri akielekea sokoni alimkuta anakata majani ya ng'ombe, kwa kuwa mama yake ni mgonjwa na ng'ombe hajui kama leo kuna mtihani. Mimi mwalimu wa miaka mingi sikuwahi kumwuliza mtoto yule swali hata moja. Mama wa jirani asiye na cheti chochote aliuliza. Sasa kijana mmoja wa kwaya anaileta ile mizigo ya majani jioni, na mtoto anawahi namba.

Jambo hili si geni huku mlimani. Wamisionari Wajerumani wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, lakini Wajerumani walipoondolewa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, sharika na shule zilibaki mikononi mwa walimu Waafrika. Mtu yule yule aliyefundisha kusoma siku za kazi ndiye aliyeongoza ibada Jumapili na kwenda kumwona mgonjwa. Wazee wetu walimwita tu "mwalimu", hawakutenganisha. Ilipokuja Sheria ya Elimu ya 1969 na shule za mashirika ya dini zikataifishwa, mwalimu akawa wa serikali na mwinjilisti akabaki wa kanisa. Leo kanisa limerudi kuendesha shule, ila safari hii ni za kulipia, na mtu wa shule akionekana uani, la kwanza kumjia mzazi kichwani ni risiti. Hapo ndipo tulipo. Mlango huo haufunguki kwa hotuba ya Mwalimu Mkuu.

Kwa Walutheri wenzangu niongeze neno. Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 tunayowafundishia watoto wa kipaimara iliandikwa ili mkuu wa nyumba awafundishe watu wa nyumbani mwake. Sisi tumeifanya kazi ya parish worker, yaani mtumishi wa usharika, na mwalimu wa dini, tena kwa kukariri. Mgeni wa usharika akija, msimkabidhi mtoto asomewe Amri Kumi huku ninyi mnaangalia taarifa ya habari.

Na kwa familia za Kikatoliki, Kipentekoste na Kiislamu, ambao mmetuamini na watoto wenu: ibara ya 19 ya Katiba inalinda imani yako, na ugeni huu hauji kuigusa. Sitaficha kwamba sisi ni shule ya kanisa. Ukitaka kujua ibada ni saa ngapi utaambiwa, ukiomba tuombe pamoja tutaomba. Usipoomba, tutaulizia hali ya mtoto, tutakunywa chai, tutaaga. Mzee mmoja aliniuliza kikaoni, "Mwalimu, tumeshapata wangapi?" Nilimjibu kwamba tumempata mvulana mmoja anayewahi namba. Hakuridhika. Tutaendelea kuelewana polepole.

Utaratibu kuanzia Januari utakuwa mkali kidogo. Anayetaka kujitolea alete barua ya mchungaji, padri, imamu au mwenyekiti wa kitongoji chake, na atuambie watu wawili wanaomfahamu tuwaulize. Wageni watakwenda wawili wawili, kwa siku ambayo mwenye nyumba ameikubali, na saa kumi na mbili jioni wawe wametoka. Hawatapiga picha. Hawatabeba jambo la ada, liwe la kudai au la kuombea msamaha. Hilo ni la ofisini, kati yako na mimi. Wakikuta mtoto yuko peke yake nyumbani, wanasalimia wakiwa nje na kuondoka. Hakuna mtu mzima wa kujitolea atakayebaki peke yake na mtoto, awe mzee wa kanisa, awe mwanakwaya, awe Mwalimu Mkuu. Wakiona dalili za mtoto kuumizwa, hawanong'oni njiani wala hawasuluhishi kifamilia: wananiambia siku hiyo hiyo, na mimi nafika kwa afisa ustawi wa jamii. Sheria ya Mtoto ya 2009 haina kipengele cha "tuyamalize wenyewe".

Sasa ombi. Wanaojitolea mpaka leo ni kina mama watupu, na vijana wachache wa kwaya. Desemba hii kina baba mnapanda kutoka Dar, Arusha na Mwanza, magari yanajaa barabara, na Jumapili kwenye mnada baada ya ibada mnashindana kununua jogoo na mkungu wa ndizi kwa bei ambayo sokoni ingeleta ugomvi. Nawaomba robo ya nguvu hiyo. Kuna nyumba ambazo baba anahitaji kuongea na baba mwenzake. Kutembelea si lazima kwa kila mtu: walimu wastaafu tunawahitaji Jumamosi ukumbini kwa watoto waliobaki nyuma kusoma, na madawati hayajitengenezi. Mzazi mmoja Mwislamu, fundi seremala, amekuwa akija kila mwisho wa mwezi kukaza bawaba na kubadili mbao, hataki malipo. Nikimwuliza kwa nini, ananijibu mwanawe ndiye anayekalia.

Kutakuwa na mafunzo ya nusu siku Jumamosi ya kwanza baada ya kufungua shule, saa tatu asubuhi, ukumbi wa usharika. Chai ipo.

Chini ya barua hii kuna kipande cha kukata. Weka alama unapotaka: nitembelewe, nisitembelewe, au nami nitajitolea. Kirudi na mtoto siku ya kufungua. Asiyerudisha tutahesabu hataki kutembelewa, na hakuna atakayemwuliza sababu. Asiyeweza kusoma asomewe na mtoto. Ndiyo maana tunawafundisha.

Wenu katika kazi,

Mwalimu Mkuu