Mjomba, jina lake halipo

Mjomba, shikamoo.

Uliniagiza nikifika Nairobi nilitafute jina la yule ndugu yetu aliyechukuliwa upagazi vitani asirudi. Leo nimekwenda kwenye zile sanamu tatu za shaba za Kenyatta Avenue, zilizosimamishwa mwaka 1928 kuwakumbuka Waafrika waliotumika katika vita vya 1914 hadi 1918. Nimezizunguka mara tatu. Halipo, Mjomba. Si lake, si la mtu yeyote.

Mmoja wa wale watatu ni mpagazi. Nimesimama mbele yake muda mrefu, maana ndiye wetu. Maandishi, kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, yanasema wapagazi walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Ni kweli tupu. Barabara hazikuwepo, farasi na punda waliangamizwa na mbung'o, basi risasi, unga, hata vipande vya mizinga vikapanda vichwani mwa watu. Upande wa Waingereza peke yake walichukuliwa wapagazi wapatao milioni moja, wengi kwa kukamatwa, na zaidi ya 90,000 hawakurudi. Hawakufa sana kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, uchovu, na njaa, nao vyakula wamejitwisha.

Kisha maandishi hayo yanaahidi kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Hapo nikashindwa kujizuia. Wanawe wapi? Alichukuliwa hajaoa. Na nchi gani aliyoambiwa anaipigania? Aliyemkumbuka ni bibi, kisha wewe.

Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola iliomba radhi. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Radhi hiyo naipokea, ila imechelewa mno. Waliokuwa wakingoja mlangoni wamekwisha kufa wote.

Kariokor ya hapa na Kariakoo ya Dar es Salaam zimerithi jina la kikosi chao cha wapagazi, Carrier Corps. Kikosi kimebaki midomoni mwa watu kila siku, wao hawamo.

Nimelitamka jina lake pale, kwa sauti, mara mbili. Lakini ni moja tu ulilonipa. Naomba uniandikie na la baba yake, la mama yake ukilijua, na mahali walipomkuta siku ile.