Daktari mtafiti aanzie kwenye safu ya umri

Ndugu Mhariri,

Semina za kuwafundisha madaktari utafiti wa afya ya uzazi kwa vijana zina sura moja tuliyoizoea: siku tatu ukumbini, slaidi nyingi, cheti, posho. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2015-16 ulikuta asilimia 43 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 mkoani Tabora wameshazaa au ni wajawazito. Semina ya namna hiyo haitoshi hapa.

Mafunzo yaanzie wodi ya wazazi, kwenye kitabu cha MTUHA (mfumo wa kumbukumbu za huduma za afya) namba 12, wanamoandikwa wanaojifungua. Daktari apewe kurasa za miezi 12, ahesabu waliojifungua kwa umri mmoja mmoja kuanzia 13 hadi 24, kisha achore grafu kwa mkono. Nguzo ya 18 ikisimama kama mwembe katika shamba la karanga, huku 17 na 19 zikiwa fupi, kuna umri uliorekebishwa mlangoni. Kumpa mimba binti wa chini ya miaka 18 kunaweza kumfikisha mwanamume mahakamani, na anayemsindikiza binti kujifungua analijua hilo. "Kumi na nane" hutamkwa kabla swali halijaisha. Kwa hiyo umri usiulizwe peke yake. Aulizwe pia alimaliza au kuacha shule mwaka gani, akiwa darasa la ngapi, na majibu yalinganishwe na kadi ya kliniki. Yakigongana, iandikwe kuwa umri haujulikani. Kukisia ni kosa kubwa kuliko kuacha nafasi wazi.

Kitabu hicho kinawajua waliofika tu. Aliyejifungulia nyumbani hayumo, wala aliyeharibu mimba akanyamaza. Hiyo ni sehemu yenye kiasi bila asili, yaani namba ya juu ipo, ya chini (wasichana wote) haipo: daktari anayehesabu wodini hajasema lolote kuhusu wasichana wa Sikonge au Urambo. Lazima aende vijijini, na huko ndiko hesabu ya sampuli inakowaangusha wengi. Kwa asilimia 43, ukikubali kukosea kwa pointi 5 za asilimia kila upande na uhakika wa asilimia 95, fomula inatoa watu 377. Wengi huishia hapo. Lakini wasichana wa kijiji kimoja hufanana, hivyo ukichagua vijiji kwanza idadi huongezwa, mara nyingi kwa kuzidisha mara 2: 754. Ukitarajia mmoja kati ya kumi akatae, gawanya kwa 0.9 upate 838. Bajeti iliyoandikwa kwa watu 377 haitafika huko, na mwombaji atagundua akiwa ameshakodi gari.

Ridhaa ina mtego wake. Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, hivyo mzazi huridhia na binti mwenyewe akakubali au kukataa. Andiko la kuombea utafiti liseme mapema nani ataridhia kwa binti wa miaka 16 anayeishi na mume, na ni nani atampokea siku hiyo hiyo akisema amebakwa. Kamati ya maadili ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, itauliza, na ina haki.

Dodoso litafsiriwe Kinyamwezi, mtu mwingine alirudishe Kiswahili bila kuona la kwanza, kisha lijaribiwe kwa watu 20 hivi. Msaili awe mwanamke, bila koti jeupe, na mama mkwe asiwe karibu. Maswali ya shule yatangulie ya ngono. Msimu wa kuchuma na kukausha tumbaku uepukwe: utakuta nyumba zimefungwa, na wasichana unaowatafuta wako shambani.

Mfano wa kufuata upo. Mafunzo ya utafiti ya SORT IT, yanayoratibiwa na TDR, programu ya utafiti wa magonjwa ya kitropiki iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani, yamegawanywa kwa awamu: andiko, takwimu, uandishi. Asiyekamilisha kazi ya awamu kwa tarehe haendelei. Posho haimbakizi mtu darasani.

Tunapendekeza Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Kitete ianze na madaktari wanane, kwa muda wa saa mbili kila Jumatano mchana kwa miezi tisa, kila mmoja na swali lake, na mtakwimu mmoja wa kuwakagua. Ukumbi hauhitajiki, chumba cha kumbukumbu kinatosha, kikiwa na meza na taa inayowaka.

Wasomaji wenu,
Tabora