Barua kwa Mwanangu: Macho Yanapokataa Kugeuka

Kibirizi, Kigoma

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia, nami nimeisoma mara mbili. Waniuliza kwa nini uliirudia video ya ile ajali ya basi hali ulikuwa ukilia, na kama jambo hilo ni dalili ya roho mbaya.

Sivyo, mwanangu. Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alisimulia habari za Leontius, aliyepita nje ya ukuta wa Athens akaona maiti za watu waliohukumiwa kifo. Alijifunika uso, akashindana na nafsi yake, hatimaye akazikimbilia huku akiyaambia macho yake kwa hasira yashibe. Naamini macho hututangulia kwa kuwa akili inataka kuijua hatari ikiwa bado iko mbali. Filamu ya Titanic tuliitazama katika banda la video, sisi watu wa ziwani, muda si mrefu baada ya meli ya MV Bukoba kuzama katika Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996, nami muda wote nilikuwa nikiiwaza Liemba, meli yetu ya Ziwa Tanganyika: ningekuwa chumba cha chini, ningetokea wapi? Tulipotoka tuliirudia habari ya Bukoba kutobolewa ili watu waokolewe, hewa ikatoka na meli ikazama zaidi. Tuliirudia mpaka usiku, wala hakuna aliyeifurahia.

Kinachonitia hofu ni kuupima vibaya umbali huo. Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, watu walilizunguka lori la mafuta lililopinduka, wengi wakichota petroli. Lilipolipuka, walikufa zaidi ya 100.

Upo pia umbali wa moyo. Usiku mmoja nikiwa msichana, upepo mkali uliwakuta wavuvi wa dagaa ziwani, na babu yako alikuwa miongoni mwao. Watu walijaa mwaloni wakikisia kwa sauti ni mtumbwi upi umevunjika, nami nimesimama papo hapo nikisikia, na sijasahau jinsi baba yangu alivyogeuzwa hadithi kabla hajafa. Mama mmoja muuza dagaa hakukisia kitu. Alinifunika kanga yake, akawasha karabai, akaiinua juu hadi alfajiri, mkono mmoja ukichoka akibadili mwingine. Babu yako alirudi katika mtumbwi wa watu wengine.

Ukija likizo nitakupeleka ukamsalimie mama huyo. Bado anaanika dagaa pale pale.

Wako akupendaye,
Mama