Barua ya malalamiko: seti ya kuvulia besi ambayo vipande vyake havipatani

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

YAH: KUKATALIWA DHAMANA YA FIMBO, RILI NA VYAMBO

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nimepokea jibu la mafundi wenu kuhusu seti ya kuvulia besi niliyonunua kwenu: fimbo ya kaboni ya vipande viwili yenye urefu wa mita 2.1, rili ya kukunjia mshipi, mshipi wa kusukwa uliokuja umeshazungushiwa kiwandani, kisanduku cha vyambo bandia na kijitabu cha matunzo. Jibu lina mistari minne. Linasema dragi, yaani breki ya rili, ilikazwa kupita kiasi, rili ilitiwa mafuta pasipotakiwa, na pete ya kupitishia mshipi kwenye ncha ya fimbo ilipasuka kwa kugongwa. Kwa hiyo uharibifu wote "umetokana na uzembe wa mtumiaji" na dhamana haihusiki.

Mtumiaji huyo ni binti yangu mwenye miaka 12. Aliisoma barua yenu kabla yangu, maana yeye ndiye aliyekuwa akiisubiri kila siku. Tangu aisome hajaigusa fimbo. Mambo yote matatu mliyoyataja yapo, siyakatai. Lakini kila moja lina chanzo, na chanzo hicho nimekitafuta kwa mikono yangu hadi nikakipata ndani ya boksi mlilonitumia.

Nianze na dragi, kwa sababu ndiyo iliyomliza.

Besi ni samaki wa kuvizia. Hujibanza chini ya gogo au pembeni mwa majani ya maji, na chambo kinapopita hufumbua mdomo wake mpana na kukinyonya pamoja na maji. Akishahisi ndoana hukimbilia alikotoka, ama huruka juu ya maji akitikisa kichwa ili aiteme. Mambo huamuliwa katika sekunde za mwanzo, na katika sekunde hizo mvuvi hutegemea dragi imwachie samaki mshipi kidogo kidogo, lakini isimwachie mpaka akafika kwenye gogo. Mshipi wenu umeandikwa kilo 9. Kanuni inayofuatwa na wavuvi wengi ni kuiweka dragi kati ya robo na theluthi ya nguvu ya mshipi. Niliiweka kilo 2.5 kwa mizani ya kuning'iniza kabla hatujatoka nyumbani, na binti yangu alikuwa amesimama kando yangu akisoma mshale wa mizani.

Samaki alichukua chambo kando ya gogo lililozama. Binti yangu aliinua fimbo vizuri, akaanza kuzungusha. Mkono wa rili ukawa unazunguka na mshipi hauingii hata kidogo. Samaki alikuwa anaondoka nao. Akaniita, "Baba, haivuti!" Mimi ndiye niliyemwambia akaze dragi. Akakaza. Nikamwambia akaze zaidi, akakaza mpaka kitufe kikagoma. Mshipi bado ukawa unatoka, kisha kwa ghafla ukanasa, na papo hapo ukakatika karibu na ncha ya fimbo. Tulimwona besi akiruka na chambo chenu kimening'inia mdomoni, chenye ndoana mbili za meno matatu matatu, na kipande cha mshipi nyuma yake. Hakuna mvuvi anayependa kumwachia samaki mzigo wa namna hiyo. Binti yangu alilia kwa ajili ya yule samaki, si kwa ajili ya kumkosa.

Jioni ile nilitaka kujua kwa nini dragi iliyokazwa mpaka mwisho bado iachie mshipi. Nilichukua kalamu ya wino usiofutika, nikachora alama moja kwenye ukingo wa spuli, yaani kibiringo cha rili kinachobeba mshipi, na nyingine mkabala wake, juu ya mshipi wenyewe. Nikavaa glavu, nikavuta. Alama ya spuli ilibaki palepale. Alama ya mshipi ikazunguka. Dragi ilikuwa nzima kabisa; kilichokuwa kikiteleza ni bunda zima la mshipi juu ya spuli, kama kamba iliyozungushwa kwenye nguzo iliyopakwa sabuni.

Nikaufungua mshipi wote hadi mwisho. Fundo la kwanza lilikuwa limefungwa moja kwa moja kwenye aluminiamu iliyosuguliwa ikang'aa. Hapakuwa na mizunguko michache ya nailoni chini yake, hapakuwa na utepe, hapakuwa na mpira. Mshipi wa kusukwa hutengenezwa kwa nyuzi za polithini, ambazo ni telezi na hazivutiki, kwa hiyo haziumi chuma laini. Yeyote anayejaza rili mshipi wa aina hiyo huanza na nailoni, kwa kuwa nailoni huvutika ikikazwa na kukishika chuma, au hubandika utepe kidogo kwanza. Ni kazi ya dakika mbili. Mliyempa kazi ya kujaza rili hakuifanya, na mtoto aliyekaza dragi ili kuokoa samaki wake ndiye aliyeitwa mzembe.

Sasa pete ya ncha. Pete zenu zina duara la kauri ndani, na kauri ikipigwa hupasuka. Ufa wake unaweza kuwa mwembamba kama unywele, lakini kwa mshipi wa kusukwa huo ni wembe. Ndiyo maana mshipi wa kilo 9 ulikatika pale pale ulipokuwa ukipita. Baadaye nilipitisha pamba ndani ya kila pete, nikiizungusha taratibu. Pete nyingine zote zilikuwa laini. Ya ncha iling'oa nyuzi za pamba mahali pamoja. Nakubali kwamba kipimo hicho ningepaswa kukifanya siku ya kwanza. Siku hizi nakifanya kabla ya kila safari, na hakimalizi hata dakika moja. Ila nilipofungua mzigo nilipiga picha, na picha hiyo nimeiambatanisha kwa mara ya pili, kwa kuwa jibu lenu halikuitaja. Inaonyesha ncha ya fimbo imetoboa boksi na kuchungulia nje. Fimbo ilisafirishwa bila bomba na bila kofia ya ncha, imefungwa kwa raba mbili tu. Fundi wenu amesema kweli kwamba pete iligongwa. Iligongwa njiani ikija kwetu.

Kuhusu mafuta, naomba mfungue kijitabu chenu wenyewe kwenye ukurasa wa utunzaji wa rili. Kimeandika hivi: "Weka mafuta kila sehemu inayozunguka." Ndivyo tulivyofanya, mimi nikisoma na binti yangu akidondosha. Baada ya hapo mkono wa rili ukawa unarudi nyuma wenyewe, jambo ambalo halikuwahi kutokea kabla. Ndani ya rili kuna kikamatio kinachozuia mkono usirudi nyuma. Kina vijigurudumu vyembamba vya chuma vinavyojibana kwenye shafti mara tu mkono unapojaribu kurudi, na vinashika kwa msuguano mtupu. Mafuta mengi au grisi yakiingia hapo, vinateleza. Mafuta yanatakiwa kwenye beringi, kwenye kigurudumu cha mshipi na kwenye kiungo cha mkono, tone moja moja. Grisi kidogo kwenye meno ya gia. Na kikamatio hicho kiachwe kikavu. Sentensi moja ya onyo ingetosha, lakini kijitabu hakina.

Kijitabu hichohicho kinashauri rili isuuzwe kwa maji ya kasi. Ushauri huu sikuufuata, kwa sababu maji ya kasi husukuma mchanga na unyevu ndani ya rili badala ya kuutoa. Sisi hupangusa kwa kitambaa chenye maji safi, dragi ikiwa imekazwa ili maji yasipenye, kisha tunakausha, halafu tunailegeza dragi kabisa kabla ya kuiweka rili, ili vishikizo vyake visibanwe vikalala bapa. Nayasema haya kwa sababu mmetumia neno uzembe. Mtoto mliyemwita mzembe hukumbuka kulegeza dragi hata siku ambazo mimi nasahau. Hatundiki ndoana kwenye pete hata siku moja. Hatumii fimbo kunyanyulia samaki; huinama akamchukua kwa mkono. Kaboni haivumilii kukunjwa kwa pembe kali wala kugongwa, nalo analijua.

Kisanduku cha vyambo ni habari fupi, lakini ndicho kilichonifumbua macho. Baada ya wiki chache minyoo ya plastiki laini mliyoiweka ndani ilikilainisha kisanduku chenyewe. Sakafu yake sasa inanata na imekuwa na ukungu, na chambo kigumu kilicholala juu ya minyoo hiyo kimebabuka rangi ubavu mzima. Kemikali inayoifanya minyoo iwe laini hula aina fulani za plastiki ngumu, na hula rangi. Vipo visanduku vinavyostahimili, na kila aina ya chambo laini huachwa katika mfuko wake wa asili. Ninyi mlitoa minyoo kwenye mifuko na kuilaza ndani ya kisanduku isichopatana nacho, pengine ili ionekane vizuri kupitia kifuniko.

Hapo ndipo nilipoanza kukagua kila kitu upya kama mtu anayenunua kwa mara ya kwanza. Fimbo imeandikwa kurusha chambo cha gramu 7 hadi 21. Nilipima vyambo vyenu vyote kwenye mizani. Vitatu vinapita gramu 21, na kimoja kina gramu 30. Ina maana mtu akitumia kila mlichomuuzia, atakuwa ameizidishia fimbo uzito kuliko mlioandika wenyewe, na ikivunjika siku ya kurusha, nina hakika jibu lingekuwa lilelile la mistari minne.

Tena fimbo hiyo ni ya kujipinda haraka: hupinda theluthi ya juu tu na kubaki ngumu chini. Hiyo ni fimbo nzuri sana kwa ndoana moja iliyofichwa ndani ya mnyoo wa plastiki, kwa sababu mvuvi anatakiwa apige kwa nguvu ili ndoana ipenye taya. Vyambo vingi vilivyomo kwenye seti ni vile vya kupiga mbizi, vyenye ndoana za meno matatu. Ndoana hizo ni nyembamba na hushika ngozi kidogo tu ya mdomo. Zinataka fimbo inayojipinda taratibu hadi katikati, na mshipi unaovutika kidogo, ili samaki akitikisa kichwa zisichomoke. Mmempa mwanafunzi fimbo ngumu, mshipi usiovutika na ndoana zinazotaka ulaini. Kila kimoja peke yake si kibaya. Fimbo yenyewe naipenda, ni nyepesi na inasikia hata chambo kikigusa jani. Ninachoamini, na nakisema bila hasira, ni kwamba hakuna mtu katika kampuni yenu aliyewahi kutoa seti hii kwenye boksi, akaenda nayo majini, akarusha, akaisafisha kwa kufuata kijitabu, akairudisha kabatini na kuitazama tena baada ya mwezi. Angefanya hivyo mara moja tu, haya yote angeyaona kabla ya binti yangu.

Sidai fimbo mpya. Pete ya ncha hubanduliwa kwa joto na kubandikwa nyingine. Nitumieni pete nzima yenye kipimo kilekile, au mwirudishe fimbo kwenu kwa gharama zenu ibadilishwe. Rili isafishwe kikamatio na ijazwe upya, nailoni chini, mshipi wa kusukwa juu. Kisanduku na chambo kilichobabuka vibadilishwe. Vyambo vinavyozidi uzito wa fimbo viondolewe kwenye seti mnazoendelea kuuza, au vibadilishwe kwa vinavyoiafiki. Ukurasa ule wa mafuta na maji ya kasi urekebishwe, kwa maana kuna watu wengine wanaousoma jioni hii na chupa ya mafuta mkononi. Nitasubiri siku 14 tangu mpokee barua hii, kisha nitalipeleka suala hili kwenye mamlaka ya kulinda walaji nikiwa na picha, mshipi uliokatika na vipimo vyote.

Dai la mwisho halina gharama kwenu. Naomba mwandike barua nyingine ya kufuta neno "uzembe", na mweleze ndani yake, kwa lugha ambayo mtoto wa miaka 12 anaielewa, kwamba mshipi uliteleza kwa sababu haukufungwa sawasawa kiwandani. Nimemweleza mimi, nikamwonyesha na zile alama mbili za wino. Alinisikiliza kwa heshima, kisha akaniuliza kama nasema hivyo kwa kuwa ni baba yake. Iandikeni kwa jina lake. Liko kwenye fomu ya dhamana, alilijaza mwenyewe.

Wenu,

Mteja, na baba wa mtumiaji.

Viambatanisho: picha tano, kipande cha mshipi uliokatika, nakala ya jibu lenu.