Risasi ya betri itatumalizia watoto Kigoma

Mhariri salaam, naomba nafasi niongee na wazamiaji wenzangu wa hapa Kigoma, wale wanaoshuka kukamata samaki wa mapambo na wale wanaofuata nyavu na injini zilizozama, na wavuvi pia linawahusu.

Mzamiaji lazima awe na uzito kiunoni, na risasi ya dukani (ile metali nzito, sio ya bunduki) ni ghali, kwahiyo watu wananunua betri mbovu za gari wanazipasua uani, wanayeyusha kwenye sufuria wanamimina kwenye mchanga, basi. Mtaani kwetu inafanyika mchana kweupe watoto wamezunguka wanaangalia. Jamani ile ni sumu! Risasi inayeyuka kwenye nyuzi 327 tu, jiko la mkaa linatosha ndo maana inaonekana kazi rahisi, lakini lile vumbi la ndani ya betri linabaki kwenye udongo, mtoto anachezea anaweka mkono mdomoni, na ubongo ukishaharibika haurudi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Kule Thiaroye-sur-Mer, Dakar nchini Senegal, watoto 18 walikufa kati ya 2007 na 2008 sababu ya kazi ya betri za mtaani hivihivi, na hapa jirani Mombasa watu wa Owino Uhuru waliteseka na kiwanda cha betri mpaka wakafika mahakamani.

Mbadala upo na ni chuma chakavu. Watu wanasema chuma chepesi, sio kweli. Kama unavaa kilo 4 za risasi, ukishakuwa ndani ya maji chuma cha kama kilo 4 na robo kinakuvuta sawasawa, tofauti kinachukua nafasi zaidi kama mara moja na nusu. Vipande vya nondo, nati na boliti, diski za breki zilizoisha kule gereji, unashonea kwenye tyubu ya tairi visikuchane. Tena ziwa letu halina chumvi, chuma hakiliwi haraka kama baharini, na mwili hauelei sana, mtu aliyezoea Zanzibar akija huku anapunguza kama kilo 2 hivi.

Mawe mimi sishauri kwa mzamiaji, utahitaji karibu kilo 6 na mfuko mkubwa unaokuzuia kugeuka. Kwa wavuvi wanaozamisha nyavu sawa, mawe madogo, zege, hata udongo wa kuchoma vinafanya kazi.

Ila hapa naomba msikilize sana: uzito wowote uwe wa chuma au wa nini, mkanda uwe na kifungo kinachofunguka kwa mkono mmoja. Acheni kufunga fundo la kamba. Ziwa Tanganyika linafika mita 1,470 na sehemu nyingi linakatika ghafla karibu tu na ufukwe, ukishindwa kuvua uzito hewa ikikuishia hakuna wa kukufuata.

NEMC, wale wanaosimamia mazingira kitaifa, na halmashauri wakataze kuyeyusha betri kwenye makazi ya watu, na watuonyeshe sehemu ya kupeleka betri mbovu maana bila hiyo zitaendelea kuishia uani. Na wenye risasi tayari msizitupe ziwani, zivisheni tyubu, msizipige tupa nyumbani, mnawe mikono kabla ya kula na zisiwekwe chumba wanacholala watoto.

Mzamiaji,
Katonga, Kigoma